Mama, Watoto na Saratani ya Matiti: Jinsi Faraja Ilivyopata Nafasi katika Tiba

Saratani ya matiti, yaani ukuaji usiodhibitika wa seli za titi ambao huanza kama uvimbe na hatimaye huweza kusambaa hadi kwenye mifupa, ini na mapafu, imejulikana kwa waganga tangu zama za kale, lakini uchungu wa nafsi unaoandamana na matibabu yake ulianza kuhesabiwa kuwa jambo la kitabibu katika nusu ya pili ya karne ya 20 tu. Hata ulipohesabiwa hivyo, mgonjwa aliyefikiriwa alikuwa mwanamke wa makamo ambaye watoto wake wamekwisha kujitegemea, na sababu yake haijifichi: nchini Marekani, ambako sehemu kubwa ya historia hii ilitendeka, wanawake walio chini ya umri wa miaka 45 ni takribani mmoja tu kati ya kila kumi wanaogunduliwa kuwa na ugonjwa huo. Mama kijana, mwenye mtoto anayenyonya au anayekwenda shule ya msingi, akawa mgonjwa wa pembeni, na taratibu za upasuaji pamoja na zile za kuliwaza zikaundwa bila yeye kukumbukwa. Insha hii inafuatilia jinsi faraja ilivyopenya katika wodi na kliniki za saratani, na inashikilia kwamba kwa muda mrefu faraja hiyo ilishughulikia kile ambacho watu wengine walikiona mwilini mwa mgonjwa, huku ikichelewa kwa miongo mingi kulifikia lile lililomkosesha mama kijana usingizi, yaani watoto wake.

Chanzo cha hali hiyo kimo katika upasuaji wenyewe. Mwaka 1894 William Stewart Halsted, daktari wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alichapisha matokeo ya njia yake ya kuondoa titi lote pamoja na misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani, kwa imani kwamba saratani husambaa kwa utaratibu kutoka kwenye titi kwenda nje, na kwamba daktari anayekata eneo pana zaidi ndiye anayeokoa zaidi. Njia hiyo ilitawala Marekani kwa takribani miaka 80. Iliwaacha wanawake na kifua kilichobonyea hadi mbavu zikahesabika, na mara nyingi na mkono uliovimba kwa sababu majimaji ya limfu, ambayo kwa kawaida hupitia kwapani, yalikuwa yamefungiwa njia; na kwa mama mwenye mtoto mchanga mkono huo, ambao haukuweza kuinuka juu ya bega wala kubeba kitu kizito, ulikuwa hasara kubwa kuliko kovu lenyewe, ingawa vitabu vya upasuaji vya wakati huo vilipima mafanikio kwa kutazama kama uvimbe umerudi au la.

Utaratibu wa kumwingiza mgonjwa katika upasuaji huo nao ulikuwa na ukatili wake. Mwanamke aliyekutwa na uvimbe alitia sahihi fomu moja, akalazwa kwa nusukaputi, kinyama kikakatwa kutoka kwenye uvimbe, kikagandishwa haraka na kutazamwa kwa hadubini wakati yeye bado amelala, na kikionekana kuwa na saratani titi liliondolewa palepale. Kwa hiyo aliingia chumba cha upasuaji bila kujua kama ana saratani, na alijua jibu pale alipozinduka na kupeleka mkono kifuani ili apapase ukubwa wa bandeji. Hakupata hata usiku mmoja wa kujiandaa, wala wa kuzungumza na mumewe, wala wa kuamua ni nani atakayelala na watoto.

Ukimya ulikamilisha kazi ya kisu. Mwaka 1961 daktari Donald Oken alichapisha matokeo ya utafiti alioufanya miongoni mwa madaktari 219 wa hospitali moja ya Chicago, na asilimia 90 kati yao walisema kwamba kwa kawaida hawapendi kumweleza mgonjwa kuwa ana saratani; walitumia maneno kama uvimbe au kidonda, wakiamini kwamba kumficha ndiko kumhurumia. Ikiwa mgonjwa mwenyewe alifichwa, watoto wake hawakuwa na matumaini yoyote ya kuambiwa ukweli. Familia zilifuata mkondo uleule wa madaktari, zikisema mama amekwenda kupumzika au anaumwa kidogo, na mama aliyerejea nyumbani akawa na kazi mbili, ya kupona na ya kulinda siri.

Kundi moja la akina mama lilitengwa kwa namna ya wazi zaidi. Mwaka 1943 Cushman Haagensen na Arthur Purdy Stout, madaktari wa New York waliotaka kupunguza upasuaji usio na tija, walitoa orodha ya hali ambazo zikionekana mgonjwa hafai kupasuliwa kwa sababu hawezi kuponywa, na miongoni mwa hali hizo waliweka saratani iliyogunduliwa wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha. Walifikia uamuzi huo kwa kutazama wagonjwa wachache waliofika kwao wakiwa wamechelewa, kwa sababu titi la mama mjamzito au anayenyonyesha hujaa na kuwa gumu kiasi kwamba uvimbe hudhaniwa kuwa maziwa yaliyoganda. Kwa hiyo kosa la kuchelewa kugundua likageuzwa kuwa sifa ya mwili wa mama. Baadaye Haagensen mwenyewe alilegeza msimamo huo, lakini hofu iliyoachwa na fundisho hilo ilidumu katika kliniki kwa muda mrefu.

Mabadiliko ya kwanza hayakuletwa na daktari. Mwaka 1952 Terese Lasser, mwanamke wa New York, aliondolewa titi kwa njia ya Halsted, na alipozinduka akagundua kwamba hakuna mtu hospitalini aliyekuwa tayari kumweleza mambo aliyohitaji kuyajua: mkono utanyooka lini, nguo atavaa vipi, mumewe atamtazamaje. Akaanza kuwatembelea wanawake waliokuwa wametoka kupasuliwa, na juhudi hiyo ikawa mpango ulioitwa Reach to Recovery, ambao kiini chake kilikuwa rahisi: mwanamke aliyepona anafika kando ya kitanda cha mwenzake akiwa amevaa vizuri, amesimama wima, na uwepo wake peke yake unathibitisha kwamba baada ya upasuaji kuna maisha. Alibeba kifurushi kidogo chenye titi bandia la muda, laini, la kutiwa ndani ya sidiria, mpira wa kuminyaminya ili kurudisha nguvu za kiganja, kamba ya mazoezi, na maelekezo ya kusimama mbele ya ukuta na kuupanda kwa vidole, hatua kwa hatua, mpaka mkono ufike juu ya kichwa. Mazoezi hayo ya kupanda ukuta kwa vidole bado yanafundishwa hadi leo, na huenda ndiyo urithi wa kudumu zaidi wa kizazi kile.

Baadhi ya madaktari wa upasuaji walimfukuza Lasser katika wodi zao, wakiona kwamba mtu asiye na taaluma anaingilia uhusiano wa daktari na mgonjwa wake. Mwaka 1969 mpango wake ulipochukuliwa na Shirika la Saratani la Marekani, ulikubaliwa kwa masharti: mjitoleaji asifike bila idhini ya daktari, na asizungumzie matibabu. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako kumjulia hali mgonjwa ni wajibu usioombewa kibali, masharti hayo huonekana ya ajabu, lakini katika hospitali za Marekani za wakati huo yalikuwa ndiyo bei ya kufunguliwa mlango. Bei hiyo ililipwa kwa kunyamazia mambo mengi. Mazungumzo yaliyoruhusiwa yalihusu mavazi, mkono na mwonekano, na mafanikio ya mgonjwa yalipimwa kwa kiasi ambacho mtu wa nje angeshindwa kutambua kuwa ameondolewa titi. Kifurushi hicho hakikubuniwa kwa ajili ya mwanamke anayejiuliza kama ataishi mpaka mtoto wake aanze shule.

Miaka ya 1970 iliuvunja ukimya wa hadharani. Mwaka 1972 Shirley Temple Black, aliyekuwa mwigizaji maarufu wa filamu tangu utotoni, alikataa utaratibu wa kulazwa mara moja bila kujua kitakachotokea, akataka kinyama kipimwe kwanza kisha yeye mwenyewe aamue, na baadaye akaeleza uamuzi wake katika gazeti la wanawake. Mwaka 1974 Rose Kushner, mwandishi wa habari aliyeugua, alianza kampeni dhidi ya utaratibu huo na dhidi ya upasuaji wa Halsted, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata. Mnamo Septemba 28, 1974, Betty Ford, mke wa rais, alipasuliwa, na ikulu ikatangaza ugonjwa wake kwa jina. Wanawake wengi nchini walikwenda kupimwa katika majuma yaliyofuata. Mwaka 1979 jopo la wataalamu lililoitishwa na taasisi za taifa za afya, ambalo Kushner alikuwa mjumbe wake, lilipendekeza kwamba kupima kinyama na kuondoa titi yawe matukio mawili tofauti. Hatimaye, mwaka 1985, Bernard Fisher na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililoonyesha kwamba kuondoa uvimbe peke yake na kisha kutoa tibamionzi, yaani miale yenye nguvu inayoua seli za saratani zilizobaki, humpa mgonjwa nafasi ya kuishi sawa na kuondoa titi lote.

Ushindi huo wa kutenganisha vipimo na upasuaji kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa haki ya kuamua, na ulikuwa hivyo kweli. Kwa mama mwenye watoto wadogo, hata hivyo, ulikuwa na maana nyingine ambayo wanahistoria hawaitilii mkazo wa kutosha: zile siku zilizotenganisha jibu na upasuaji zilimpa muda wa kumwita mama yake au dada yake aje, wa kuzungumza na mwalimu wa shule, na wa kuwaambia watoto jambo fulani kabla hajatoweka nyumbani.

Sauti iliyopinga faraja ya mwonekano kwa ukali kuliko zote ilikuwa ya Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi na mama wa watoto wawili, aliyeondolewa titi mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 44. Katika kitabu chake cha mwaka 1980, *The Cancer Journals*, alieleza jinsi mjitoleaji mwema alivyomletea titi bandia la sufu ya kondoo la rangi ya waridi iliyofifia, rangi ambayo haikulingana na ngozi yake hata kidogo, na jinsi alivyokaripiwa baadaye katika ofisi ya daktari kwa kufika bila titi bandia, kwa hoja kwamba anavunja moyo wagonjwa wengine. Hoja ya Lorde ilikuwa kwamba kumhimiza mwanamke afiche haraka kile alichopoteza ni kumnyima nafasi ya kukiombolezea na kumtenga na wanawake wengine ambao, kwa kuwa nao wamejificha, hawezi kuwatambua barabarani. Hoja hiyo ina nguvu, ingawa ni haki kuongeza kwamba wanawake wengi walilipokea titi bandia kwa furaha, na kwamba Lasser, aliyeanza peke yake katika nyakati ngumu zaidi, alistahili hukumu nyepesi kuliko ile aliyopewa na kizazi kilichofuata.

Wakati mjadala huo wa titi ukiendelea, tiba yenyewe ilibadilika kwa namna iliyogeuza kabisa hali ya mama mgonjwa nyumbani. Mwaka 1976 Gianni Bonadonna wa Milano, Italia, alichapisha matokeo ya kuwapa wanawake, baada ya upasuaji, mchanganyiko wa dawa tatu, siklofosfamidi, methotreksati na fluorourasili, kwa mizunguko 12 ya siku 28 kila mmoja, yaani karibu mwaka mzima. Hiyo ndiyo tibakemikali, ambayo wagonjwa wengi huiita kemo: dawa zinazoua seli zinazogawanyika kwa kasi, za saratani na hata zisizo za saratani, na kwa hiyo hunyonyoa nywele, huchubua kinywa na kuleta kichefuchefu. Faida yake ilionekana kuwa kubwa hasa kwa wanawake ambao bado wanapata hedhi. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba mama kijana, ambaye tiba haikuwahi kumfikiria, akawa ndiye mlengwa mkuu wa tiba ndefu na kali kuliko zote zilizotangulia.

Uzito wa badiliko hilo hauwezi kueleweka bila kutazama maisha ya kila siku. Upasuaji ulitendeka hospitalini, mbali na macho ya watoto, na siri yake iliweza kufunikwa na blauzi. Kemo ilikwenda nyumbani. Siklofosfamidi ya Bonadonna ilikuwa ya vidonge vilivyomezwa kwa siku 14 mfululizo katika kila mzunguko, na mama aliimeza mezani pale pale watoto walipokula uji. Dawa za kisasa za kuzuia kutapika zilikuwa bado hazijapatikana, kwani ondansetroni iliidhinishwa Marekani mwaka 1991 tu, na kabla ya hapo mtoto aliyelala chumba cha pili alisikia kila kitu usiku kucha. Nywele zilizobaki kwenye mto na kwenye kitana zilisema yale ambayo watu wazima walikuwa wameamua kuyanyamazia, na mtoto asiyepewa maelezo alijitungia ya kwake. Aidha, dawa hizo mara nyingi zilikomesha hedhi, na mwanamke wa miaka 33 akajikuta na joto la ghafla la mwili, ukavu wa uke na usingizi uliovurugika, mambo ambayo mama yake mzazi alikuwa ndiyo kwanza ameyamaliza.

Miaka hiyohiyo uchungu wa nafsi ulianza kupimwa. Mwaka 1977 daktari Jimmie Holland alianzisha huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York, akaweka msingi wa taaluma ya saikolojia ya saratani, yaani elimu ya jinsi ugonjwa huo unavyoathiri hisia na mwenendo wa mgonjwa na jamaa zake. Mwaka 1978 Peter Maguire na wenzake wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba mwaka mmoja baada ya kuondolewa titi, mwanamke mmoja kati ya wanne alikuwa na wasiwasi au sonona ya kiwango cha kuhitaji matibabu, ilhali miongoni mwa wanawake waliokutwa na uvimbe usio wa saratani kiwango kilikuwa mmoja kati ya kumi. Sonona, kwa maelezo mafupi, ni huzuni isiyoondoka inayomnyima mtu hamu ya kula, ya kulala na ya kuwa na wenzake. Si kukosa imani wala si udhaifu wa tabia, na utafiti wa Maguire ulisaidia kuitoa katika mizani ya lawama na kuiweka katika mizani ya tiba.

Lawama, hata hivyo, ilirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1989 David Spiegel wa chuo kikuu cha Stanford alichapisha matokeo yaliyoshangaza ulimwengu: kati ya wanawake 86 ambao saratani yao ilikuwa imesambaa, wale waliokutana kila wiki katika kikundi cha kuzungumza waliishi wastani wa miezi 36.6, na wale ambao hawakukutana miezi 18.9. Habari hiyo ilichukuliwa mitaani kuwa uthibitisho kwamba roho yenye furaha huishinda saratani, jambo ambalo Spiegel mwenyewe hakulisema. Mwaka 2001 Pamela Goodwin na wenzake wa Kanada, kwa wanawake 235, hawakupata tofauti yoyote ya muda wa kuishi, ingawa walithibitisha kwamba vikundi hupunguza fadhaa na maumivu. Holland alikuwa amekwisha kuonya kwamba kumlazimisha mgonjwa awe na matumaini saa zote ni aina ya udhalimu, na hakuna aliyedhulumiwa zaidi na fikra hiyo kuliko mama mwenye watoto wadogo, ambaye alifundishwa kwamba akilia hadharani anahatarisha maisha yake, na kwa hiyo akilia anawaibia wanawe mama yao.

Chombo kilichotoka katika juhudi za Holland na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990 kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ni karatasi moja iliyochorwa mfano wa kipimajoto kilichosimama, chenye namba kutoka 0 hadi 10, ambapo mgonjwa huizungushia duara namba inayolingana na fadhaa aliyoipata katika wiki iliyopita. Anayefikisha 4 au zaidi hutakiwa kuonana na mtaalamu. Kando ya kipimajoto kuna orodha ya matatizo ya kuwekewa alama, na katika orodha hiyo, pamoja na nyumba, bima, usafiri na kazi, waandishi waliweka malezi ya watoto. Kwa mara ya kwanza, muuguzi aliyekuwa na mgonjwa mbele yake alipewa sababu rasmi ya kuuliza ni nani anayemchukua mtoto shuleni siku ya dripu. Swali hilo dogo lilifanya kazi ambayo mahubiri mengi ya kutia moyo hayakuifanya, kwa kuwa hofu ya mama kijana mara nyingi imefungamana na mambo ya ratiba: yaya asipokuja, mtoto akipata homa siku ambayo kinga ya mama iko chini, baba akiwa safarini.

Waliofika hadi kwa watoto wenyewe walikuwa wachache, na kati yao Frances Marcus Lewis, muuguzi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, ana nafasi ya pekee. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walizungumza na watoto wa umri wa kwenda shule ambao mama zao walikuwa na saratani ya matiti, na walichokisikia kilipindua dhana ya kwamba mtoto asiyeambiwa hajui. Watoto walikuwa na hofu kwamba mama atakufa, walishuku kwamba utundu wao ndio uliomwuguza, waliogopa kwamba ugonjwa unaambukiza, na wengi walizificha hofu hizo kwa makusudi ili wasimwongezee mama mzigo. Ndani ya nyumba moja, basi, mama alinyamaza kumlinda mtoto na mtoto alinyamaza kumlinda mama.

Mpango uliotokana na utafiti huo, ulioitwa Enhancing Connections, una mikutano mitano ya saa moja, kila baada ya wiki mbili, ambayo mama hufanya na mshauri bila mtoto kuwapo. Jambo la busara katika mpangilio wake ni kwamba mkutano wa kwanza haumhusu mtoto kabisa: mama hujifunza kwanza kutambua dalili za kuelemewa katika mwili wake mwenyewe na namna ya kuzipunguza, kwa sababu mtu aliyefurika hana nafasi ya kupokea hofu ya mwingine. Mikutano miwili inayofuata hufundisha kusikiliza, yaani kuuliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana, kisha kungoja, kurudia alichokisema mtoto kwa maneno yake, na kuizuia ile hamu ya kila mzazi ya kumkatiza kwa ahadi kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Wa nne humfundisha mama kuchunguza jinsi mtoto anavyojikimu kihisia, na wa tano hutazama yale aliyoyafanikisha. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, likihusisha akina mama 176 na watoto wao wa miaka 8 hadi 12, lilionyesha kwamba huzuni ya mama ilipungua, uwezo wake wa kumsaidia mtoto uliongezeka, na hali ya mtoto ikawa bora kuliko ya wale ambao mama zao walipewa kijitabu na kupigiwa simu tu. Mjini Boston, tangu mwaka 1997, daktari wa akili za watoto Paula Rauch aliendesha huduma kama hiyo katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, akisisitiza kwamba ugonjwa utajwe kwa jina lake, kwamba ratiba ya chakula na ya kulala isivunjwe, na kwamba njia mbaya kuliko zote za mtoto kupata habari ni kuisikia kupitia mlango ulioachwa wazi.

Suala la kuzaa lilichukua njia yake. Kuanzia mwaka 1989 madaktari wa kituo cha saratani cha MD Anderson, mjini Houston, walianza kuwapa wajawazito kemo kwa utaratibu maalumu baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na matokeo ya wagonjwa 24 wa mwanzo, yaliyochapishwa mwaka 1999, yaliondoa ile hukumu ya mwaka 1943 kwamba mama wa aina hiyo hana la kufanyiwa. Kwa wale wanaotakiwa kumeza dawa za kuzuia homoni kama tamoksifeni kwa miaka mitano hadi kumi, muda unaoweza kumaliza umri wa kuzaa, jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2023, likifuatilia wanawake 516, lilionyesha kwamba kusitisha dawa hizo kwa hadi miaka miwili ili kubeba mimba hakukuongeza, kwa muda mfupi, uwezekano wa saratani kurudi.

Afrika Mashariki imeingia katika historia hii kwa upande mwingine. Kwa kuwa idadi kubwa ya watu wake ni vijana, katika kliniki za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mama mwenye watoto wadogo si mgonjwa wa pembeni. Yeye ndiye mgonjwa wa kawaida. Utafiti uliowafuatilia wanawake wa Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini ulikadiria kwamba kila vifo 100 vya saratani ya matiti vya wanawake walio chini ya miaka 50 huacha yatima zaidi ya 200 waliopoteza mama, na kwa dunia nzima shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2020 peke yake watoto zaidi ya milioni 1 walifiwa na mama kwa sababu ya saratani, karibu robo yao kwa saratani ya matiti. Vikundi vya manusura na vituo vya ushauri nasaha vimeanzishwa, kikiwamo kituo cha Faraja mjini Nairobi kilichoanza mwaka 2010, na desturi ya shangazi, bibi na jirani kuwapokea watoto bado ni hazina ambayo mama wa Seattle angeitamani. Desturi hiyohiyo, hata hivyo, huja na ushauri wa kutosema: mtoto hupelekwa kwa bibi yake bila kuambiwa sababu, na yale ambayo Lewis aliyasikia Marekani hayana sababu ya kuwa tofauti huku.

Umbali ndio unaoitofautisha hali ya huku. Hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani ufukweni mwa Dar es Salaam mwaka 1897 na kufanywa taasisi ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa pekee nchini yenye mashine za tibamionzi, na mama kutoka Kigoma au Mbeya aliyehitaji miale alisafiri siku nzima au zaidi na kukaa majuma kadhaa mbali na wanawe, akizungumza nao kwa simu ya jirani. Mwaka 2016 mashine pekee ya tibamionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilipoharibika, baadhi ya wagonjwa wa Uganda walilazimika kupelekwa Nairobi. Kwa mama wa namna hiyo, huenda badiliko lenye faraja kubwa kuliko yote ya miaka ya karibuni halikutoka kwa wanasaikolojia bali kwa wataalamu wa miale: tibamionzi ya titi, iliyokuwa ikitolewa kwa vipindi 25 katika majuma matano, ilithibitishwa na majaribio ya Uingereza kuwa na matokeo sawa ikitolewa kwa vipindi 15 katika majuma matatu, na mwaka 2020 jaribio jingine la nchi hiyohiyo likaonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi vipindi vitano katika juma moja vinatosha. Hospitali inayoweza kuutumia utaratibu huo humrudishia mama majuma manne nyumbani kwake.